Daftari la Kidijitali katika Malezi ya Mwalimu wa Kiswahili: Uhakiki

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yanukia duka na bandari, mahali ambapo mfanyabiashara asiyeandika deni lake hulisahau, na mdeni wake hafanyi haraka ya kumkumbusha. Hata hivyo, ukweli wake haukomei kwenye biashara. Mali ya mwalimu ni yale aliyoyasikia, akayapima, akayakosea na kuyasahihisha, na daftari ndilo linalomwezesha kuyarudia baada ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo, badiliko lolote la daftari ni badiliko katika malezi ya mwalimu mwenyewe, wala halifai kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Makala haya yanakusudia kuhakiki daftari la kidijitali, yaani programu ambayo huweka maandishi, picha na sauti pamoja katika kurasa zinazoweza kusomwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, jinsi inavyofaa au isivyofaa katika miradi ya wanafunzi wanaosomea ualimu wa Kiswahili. Mazingira yanayozingatiwa ni ya Eldoret. Mji huo, uliotunukiwa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, umezungukwa na taasisi za kulea walimu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, baada ya ripoti ya 1981 ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay, na bewa lake kuu liko Kesses, yapata kilomita 35 kutoka mjini. Bewa la Chepkoilel, lililokuwa chini ya chuo hicho tangu mwaka 1990, lilipata hati yake mwaka 2013 na kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Wanafunzi wanaofika huko kusomea ualimu wa Kiswahili huja na lugha zao za kwanza: Kinandi, Kikeiyo, Kimarakwet, Kibukusu, Kilogooli, Kigikuyu, Kiturkana na nyinginezo. Wengi wao hawakukinyonya Kiswahili katika ziwa la mama, bali wamekipata shuleni na sokoni, na watakwenda kuwafundisha watoto wenye hali kama yao.

Swali linaloulizwa ni moja. Je, daftari la kidijitali humsaidia mwalimu mwanagenzi kujifunza, au humsaidia kuwasilisha tu? Hoja itakayotetewa ni kwamba thamani ya daftari lolote imo katika mambo ambayo nakala safi huyaficha: kosa, sahihisho, tarehe, jina la msimulizi na sauti yake. Daftari la kidijitali lina uwezo wa kuyatunza mambo hayo kuliko karatasi. Lakini likipangwa na kusahihishwa kwa desturi zilizozoeleka za mtihani, huyafuta mapema zaidi kuliko karatasi.

2. Daftari kabla ya kompyuta

Neno daftari limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambacho hulishiriki na Kiajemi, na wanaisimu hulifuata nyuma hadi neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi ya mnyama. Basi kitu chenyewe kimekwisha kubadilika umbo mara kadhaa, kutoka ngozi hadi karatasi na kutoka karatasi hadi kioo, bila ya kubadili kazi yake. Hakuna haja ya kukiogopa kioo kwa sababu tu si karatasi.

Mfano ulio bora wa kazi ya daftari katika historia ya fasihi ya Kiswahili ni ule wa tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Tungo zake ziliishi vinywani mwa watu. Miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na mmisionari William Taylor kuzikusanya na kuzifafanua. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS. Mwaka 1940 William Hichens alizichapisha tungo hizo katika diwani, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana juu ya mshairi huyo. Kati ya kifo cha Muyaka na kuchapishwa kwa diwani ipo miaka 100, na daraja lililovusha tungo juu ya miaka hiyo lilikuwa kumbukumbu za watu pamoja na karatasi za wakusanyaji wawili.

Mambo matatu yanafaa kuangaliwa katika kisa hicho. Kwanza, pamoja na tungo yaliandikwa maelezo: nani alikuwa akisemwa, kulitokea nini mjini, neno hili lilitumiwa kwa maana gani. Lau yangalibaki mashairi matupu yaliyopangwa vizuri, msomaji wa leo angalipata wizani na vina, akakosa Mombasa yenyewe. Pili, jina la mjuzi aliyetoa maarifa halikupotea. Wasomi bado humtaja Sikujua. Tatu, karatasi hizo zilisomeka baada ya wenyewe kufariki, na hazikuhitaji nywila ya marehemu.

Desturi ya mwanafunzi kwenda nyanjani akiwa na daftari iliimarika Afrika ya Mashariki baada ya waraka wa mwaka 1968, ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban Lo Liyong waliutoa katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo, na fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Wanafunzi walikwenda vijijini na vinasa sauti. Lakini kanda na daftari vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Kanda iliweza kubaki kabatini na daftari likaenda nyumbani. Baada ya miaka michache, aliye na maandishi hakuwa na sauti, na aliye na sauti hakujua ni ya nani.

3. Muundo wa daftari jipya

Programu za daftari ni nyingi. Makala haya yanachukua OneNote ya kampuni ya Microsoft kuwa mfano, kwa kuwa ni ya zamani kiasi, ilitolewa mwaka 2003, na kwa kuwa tangu mwaka 2014 ina mpango maalumu wa madarasa. Umbo lake laiga karatasi: daftari limegawanywa katika sehemu, na sehemu katika kurasa. Ukurasa mmoja waweza kubeba maandishi ya mkono, ya taipu, picha na rekodi ya sauti. Toleo la kompyuta huweza hata kuyafunga maandishi na rekodi pamoja, hivi kwamba anayegusa maneno aliyoyaandika wakati wa mahojiano husikia kilichokuwa kikisemwa wakati huo huo. Hapa ndipo chombo hiki kinapotibu ule ugonjwa wa kanda na daftari kutengana, na sifa hiyo haistahili kupuuzwa na mtafiti yeyote wa fasihi simulizi. Aidha, programu iliyopakuliwa katika kompyuta au simu hufanya kazi pasipo intaneti, kisha hupeleka kazi hifadhini mtandao ukipatikana.

Mpango wa darasa una maeneo matatu. La kwanza ni maktaba ya mhadhiri, ambamo yeye huandika na wanafunzi husoma tu. La pili ni eneo la pamoja, ambamo wote huandika. La tatu ni daftari la kila mwanafunzi, ambalo huonwa na mwanafunzi huyo na mhadhiri wake, lakini wenzake hawalioni.

Mhakiki hana budi kuusoma mpango huu kama asomavyo muundo wa kazi ya fasihi, kwa kuuliza nani anapewa sauti na nani ananyimwa. Daftari la karatasi hufungwa. Mwanafunzi huandika ndani yake upuuzi, maswali ya aibu na hasira juu ya mada iliyomshinda, na mhadhiri huona siku ya kukusanya tu. Katika daftari la darasa la kidijitali, mlango wa mhadhiri hauna kitasa upande wa mwanafunzi. Aweza kuingia usiku wa manane, sentensi ikiwa bado mbichi. Kwa mwanafunzi aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kosa ni aibu, matokeo hayapigiwi ramli. Ataandika kwanza mahali pengine, pengine kwenye karatasi, kisha atanakili kazi iliyokamilika ndani ya daftari. Hapo daftari limegeuka kuwa sahani ya kupakulia, nacho chungu kimebaki jikoni.

4. Rasimu na nakala safi

Jambo hili lina uzito wa pekee katika malezi ya mwalimu wa lugha. Mwanafunzi wa Kinandi au Kikeiyo anatoka katika lugha ambayo ughuna wa vipasuo hautofautishi maana ya maneno. Si ajabu basi kwamba katika Kiswahili chake p na b, k na g hubadilishana nafasi. Akiandika kwamba wafanyakazi "walikoma" ilhali alikusudia "waligoma", ameandika neno sahihi la Kiswahili lenye maana nyingine kabisa. Vivyo hivyo mwanafunzi wa Kigikuyu, ambaye lugha yake haina fonimu l, aweza kuandika "mahari" palipotakiwa "mahali", na sentensi yake ikageuka kuwa habari ya posa. Makosa haya yana mfumo. Yakionekana mara moja katika insha moja, ni makosa tu. Yakionekana katika kurasa thelathini zilizoandikwa kwa mwaka mzima, ni somo la fonolojia ambalo mwanagenzi amejifundisha kutokana na ulimi wake mwenyewe. Na kwa kuwa atakwenda kuwafundisha watoto wenye ulimi huo huo, somo hilo litamfaa kuliko mihadhara kadhaa.

Daftari la kidijitali hulirahisisha jambo hili sana. Mwanafunzi hutafuta neno moja, na kurasa zote zenye neno hilo hujitokeza pamoja na tarehe zake. Programu ya mfano huu hutunza pia matoleo ya awali ya ukurasa, hata ikawezekana kuona neno lilivyokuwa kabla ya kusahihishwa. Karatasi haina uwezo huo. Lakini faida yote hiyo inategemea kosa liwemo daftarini. Aliyenakili kazi safi kutoka mahali pengine hana cha kutafuta.

Hoja hii imekuwa nzito zaidi tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT. Tangu hapo, insha ya Kiswahili isiyo na kosa la tahajia yaweza kupatikana kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai. Mhadhiri anayetoa alama kwa nakala safi peke yake hajui tena anampa nani. Baadhi ya wahadhiri wamejibu kwa kurudi kwenye mtihani wa chumbani, kalamu na karatasi chini ya uangalizi. Jibu hilo linaeleweka, lakini linaua mradi wenyewe, kwa maana mradi ni kazi ya miezi na haiwezi kuingizwa katika saa tatu. Daftari lenye historia ni jibu lililo bora zaidi: mahojiano ya tarehe fulani, tafsiri ya kwanza iliyokwenda kombo, swali aliloulizwa msimulizi mara ya pili, tafsiri iliyorekebishwa na sababu yake. Mwendo huo waweza kughushiwa, kama kila kitu, ila kuughushi kuna kazi inayokaribia ile ya kuufuata.

5. Mstari mwekundu

Kasoro nyingine hutokana na lugha ya chombo. Mwanafunzi anayefungua programu iliyopangwa kwa Kiingereza na kuandika aya ya Kiswahili huona mstari mwekundu chini ya takriban kila neno. Kwa mtu mwingine huo ni usumbufu mdogo. Kwa mwalimu mwanagenzi wa Kiswahili ni fundisho baya linalotolewa kimyakimya kila siku, kwamba lugha yake ni kosa kuanzia mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Isitoshe, mstari huo haumsaidii hata kwa makosa yake halisi, kwa kuwa kosa la kweli limejificha katikati ya makosa ya uongo. Simu iliyoachiwa kusahihisha yenyewe huzidisha balaa, maana hubadilisha neno la Kiswahili likawa neno la Kiingereza linalofanana nalo, na msomaji akadhani mwandishi hakujua.

Inafaa ielezwe kwamba tatizo si ukosefu wa juhudi tu. Kiswahili hakikaguliki kwa orodha ya maneno kama Kiingereza, kwa sababu kitenzi chake hujengwa. Achukuliwe mzizi mmoja, -andik-, katika hali ya kutendea. Kwa nafsi sita za kiima, nyakati nne za -na-, -li-, -ta- na -me-, na viambishi vya yambwa vya watu peke yao, maumbo yanayokubalika huzidi mia moja, kabla ya kuhesabu ukanushi, ngeli nyingine, urejeshi na minyambuliko mingine. Neno kama "hawakutuandikia" ni sentensi kamili. Kikagua tahajia cha Kiswahili lazima kijue mofolojia. Kazi hiyo imefanywa: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza katika miaka ya 1980 kwa mfumo wake uitwao SALAMA, ambao huchanganua maumbo badala ya kukariri orodha. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Basi chombo kinachozungumza Kiswahili si ndoto. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kubadilisha mpangilio wa lugha siku ya kwanza ya muhula, na kuwafundisha wanafunzi kufanya hivyo.

Hata hivyo, hata kikagua kilicho bora hakitaona "walikoma" wala "mahari", kwa kuwa yote mawili yamo kamusini. Hapo hakuna wa kumbadili mwalimu. Ni heri hilo lisemwe waziwazi kwa mwanagenzi, asije akadhani kwamba ukurasa usio na mstari mwekundu ni ukurasa usio na kosa.

Pamoja na hayo kuna suala la istilahi. Mwanafunzi akitaka kueleza chombo chake kwa Kiswahili hukutana na kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kishikwambi na tableti. Rununu na simu ya mkono. Wingi huo umeshitakiwa mara nyingi kuwa fujo. Katika darasa la ualimu waweza kugeuzwa kuwa zoezi. Eneo la pamoja la daftari linafaa hasa kwa kazi hiyo: kila mwanafunzi aandike neno alilolisikia, mahali alipolisikia na aliyelisema, kisha darasa lijadili ni lipi linalobeba maana vizuri na ni lipi linalotumika kweli. Matokeo yatakuwa faharasa ndogo iliyotokana na matumizi, nao walimu watarajiwa watakuwa wamejionea jinsi istilahi inavyokubaliwa au kukataliwa na wasemaji.

6. Sauti ya msimulizi na mwenye mali

Achukuliwe sasa mfano wa mradi wa fasihi simulizi, aina ambayo mwalimu wa Kiswahili hana budi kuimudu, kwa kuwa karatasi ya tatu ya mtihani wa kidato cha nne, yaani 102/3, hutahini fasihi na simulizi ikiwemo. Mwanafunzi anateremka bonde la Kerio kumsikiliza bibi yake, ambaye kwao huitwa kogo. Hadithi inasimuliwa kwa Kikeiyo, yeye anaandika kwa Kiswahili. Katika nakala safi wimbo wa katikati ya hadithi huwa maneno mawili ndani ya mabano: anaimba. Kicheko, kimya, na mkono uliopigwa gotini havimo. Msimulizi akikwepa kutaja kifo na kusema kwa mafumbo, mwanafunzi huandika kwanza "mzee akafa", baadaye hubadilisha "mzee akafariki", na hatimaye, kama ana bahati, hugundua kwamba alichokuwa akitafsiri si kifo bali ni adabu ya kukisema. Ugunduzi huo ndio mradi. Ukurasa wenye rekodi, tafsiri ya kwanza, ya pili na ya tatu huuonyesha wote. Nakala safi huonyesha mwisho wake tu. Kitabu cha Ciarunji Chesaina juu ya fasihi simulizi ya Wakalenjin, kilichochapishwa mwaka 1991, kiliwapa wasomi na walimu hazina kubwa, lakini kitabu hakiimbi. Daftari jipya lingaliweza kuwa mwandani wake.

Hapa lakini panazuka suala zito kuliko yote. Sauti ya kogo imeingia katika hifadhi ya kompyuta iliyo mbali, chini ya akaunti ya mjukuu, ambayo ni ya chuo, katika mitambo ya kampuni ya kigeni. Sauti hiyo ni ya nani? Kenya ina sheria mbili zinazogusa jambo hili: sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu binafsi. Zote mbili zajengwa juu ya ridhaa. Ridhaa ya bibi kwa mjukuu wake aliyemjia na sukari na majani ya chai ni ya kweli, lakini ni ridhaa ya kusimulia, si ya kuhifadhiwa na kusikilizwa na darasa zima. Mwanagenzi asipofundishwa kumweleza msimulizi kwa lugha yake rekodi itakaa wapi, nani ataisikia na itaondolewaje akitaka, chuo kitakuwa kimemfundisha kuchukua bila ya kuomba. Ukurasa wa kwanza wa kila mradi ungepaswa uwe sauti ya msimulizi mwenyewe akikubali, akitaja jina analotaka kuitwa kwalo na masharti yake. Mwalimu Sikujua anakumbukwa kwa jina; wasimulizi wa Kerio, Nandi na Uasin Gishu wanastahili heshima hiyo hiyo, wakiitaka.

7. Baada ya mahafali

Karatasi za Taylor zilisomeka baada ya miaka hamsini. Daftari la kidijitali la mwalimu aliyehitimu Eldoret lina nafasi gani ya kusomeka baada ya mitano? Akaunti ya mwanafunzi ni ya chuo, na ikifungwa, daftari hufungwa nayo, isipokuwa mwenyewe aliwahi kulinakili. Ndipo mwalimu anaporipoti katika shule yake ya kwanza mikono mitupu, ingawa aliandika kurasa mia tatu. Mwenzake wa mwaka 1985, mwaka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, alifika na sanduku la madaftari yaliyoliwa pembe na mende, lakini alifika nayo.

Eneo hili lina funzo lake katika jambo hilo. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Moi, kikishirikiana na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuzipatia shule za msingi za umma vifaa vya mpango wa kitaifa wa elimu ya kidijitali. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawanywa nchini. Ilikuwa kazi kubwa na yenye fahari kwa chuo cha umma. Lakini umakini wa taifa ulikuwa juu ya kifaa na mtoto. Mwalimu kama mwandishi wa maarifa yake mwenyewe hakuwa kiini cha mjadala. Kifaa huchakaa baada ya miaka michache. Tabia ya kuandika, kuhifadhi na kurudia hudumu, ikiwa ilijengwa chuoni.

Mtaala wa umilisi, uliosambazwa kitaifa katika madarasa ya kwanza mwaka 2019 na kufikia sekondari ya chini mwaka 2023, umeliongezea suala hili uharaka. Mtaala huo hutaka mwanafunzi apimwe kwa kazi anazozikusanya hatua kwa hatua, si kwa mtihani wa mwisho tu. Mwalimu ambaye yeye mwenyewe alipimwa kwa nakala safi atawezaje kupima mwendo wa mtoto? Atadai faili nadhifu, na wazazi ndio watakaozitengeneza usiku. Malalamiko ya aina hiyo yamesikika sana nchini tangu mtaala ulipoanza.

Yupo atakayesema kwamba karatasi inatosha, kwamba data ni ghali na umeme si wa kutegemewa. Hoja hiyo haina udhaifu wowote kuhusu gharama, na chuo kinacholazimisha programu bila ya kuwapa wanafunzi mtandao kinawatoza maskini kodi ya siri. Lakini karatasi haiwezi kubeba sauti, na kwa somo ambalo nusu ya mali yake ni sauti, hilo ni pengo lisilozibika kwa kalamu.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba daftari la kidijitali si adui wala mkombozi. Linaunganisha kile ambacho kanda na karatasi vilikitenganisha, na kwa hilo linamfaa mwalimu wa Kiswahili pengine kuliko mwalimu wa somo jingine lolote. Ila faida hiyo haiji kwa kupakua programu. Inahitaji mambo manne, na yote yamo katika uwezo wa idara bila ya kungoja serikali. Sehemu ya alama za mradi itolewe kwa rasimu na masahihisho, na mwanafunzi awe na sehemu ya daftari ambayo mhadhiri haingii hadi aalikwe. Lugha ya programu ipangwe kuwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, pamoja na kumweleza mwanagenzi mipaka ya kikagua tahajia. Ridhaa ya msimulizi irekodiwe kwa lugha yake na kwa sauti yake. Na kabla ya mahafali kila mwanafunzi anakili daftari lake lote katika umbo linalofunguka bila ya akaunti ya chuo, nakala moja akienda nayo, na nyingine, kwa ridhaa ya wahusika, ikibaki maktabani.

La nne ndilo jepesi kuliko yote na ndilo linalosahaulika kwa urahisi kuliko yote. Methali ilionya juu ya mali isiyo na daftari. Walimu wanaohitimu Eldoret siku hizi wana madaftari yaliyojaa, yenye sauti za wazee ambao wengine hawatarekodiwa tena. Mali hiyo ikifungiwa nyuma ya nywila iliyokwisha muda, itakuwa imepotea pamoja na daftari lake, na habari ya kupotea kwake hakuna atakayeileta.